Adrenalini na epinefrini ni homoni moja: gazeti lichague jina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nisahihishe jambo lililoandikwa hivi karibuni katika safu ya afya ya gazeti lako. Wasomaji walielezwa kwamba mtu anapopatwa na hofu ya ghafla, mwili wake humwaga katika damu homoni mbili, ya kwanza ikiwa adrenalini na ya pili epinefrini, na kwamba mbili hizo husaidiana kuyapandisha mapigo ya moyo. Kwa jumla makala ile ilikuwa nzuri, na maelezo yake kuhusu moyo, mapafu na sukari inayotolewa na ini sina la kuyapinga. Hata hivyo, adrenalini na epinefrini ni kemikali ile ile moja, yenye atomu 9 za kaboni, 13 za hidrojeni, 1 ya naitrojeni na 3 za oksijeni, na kinachozitofautisha ni jina peke yake. Huenda mwandishi alikusudia kuitaja noradrenalini, ambayo kweli ni homoni nyingine, na ambayo nitaigusa baadaye.

Simlaumu sana mwandishi huyo. Vitabu vya tiba vilivyochapishwa Uingereza husema adrenalini, vya Marekani husema epinefrini, na msomaji anayevipitia vyote viwili bila kuonywa ana haki ya kudhani kwamba wanaozungumziwa ni wawili. Ila kosa likishaingia gazetini huwa gumu kulitoa, maana wanafunzi wa sekondari hukata kurasa hizo na kuzibandika madaftarini, na kwa hiyo nadhani inafaa kueleza majina haya yalitoka wapi.

Majina yote mawili yanataja mahali pamoja, yaani juu ya figo. Adrenalini imetokana na Kilatini, ambamo “ad” ni kwenye au kando ya, na “renes” ni figo. Epinefrini imetokana na Kigiriki, ambamo “epi” ni juu ya, na “nephros” ni figo. Ule mwisho wa “-ini”, ambao tumeupokea pia katika kafeini, nikotini na kwinini, ni kiambishi ambacho wanakemia wa Ulaya walizoea kukitia mwishoni mwa jina la dutu waliyoikamua kutoka katika mmea au mnyama. Kwa hiyo anayesema “adrenalini na epinefrini” amesema kitu kimoja mara mbili, kwanza kwa Kilatini, kisha kwa Kigiriki.

Tezi zinazotajwa katika majina hayo ni mbili, na kila moja imeikalia ncha ya juu ya figo kama kofia. Mtaliano Bartolomeo Eustachi alizieleza katika kitabu kilichotoka Venice mwaka 1564, akiziita tezi zinazolalia figo, na baada yake zilipita karibu karne tatu kabla ya yeyote kujua zina kazi gani. Mwaka 1855 Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's mjini London, alieleza ugonjwa wa watu ambao tezi hizo zilikuwa zimeharibika, na mwaka uliofuata Charles-Édouard Brown-Séquard alionyesha kwamba mnyama akiondolewa tezi zote mbili hufa. Mwaka huo huo wa 1856 Mfaransa Alfred Vulpian aligundua kwamba maji ya sehemu ya ndani ya tezi hugeuka kijani yakichanganywa na kloridi ya chuma, ilhali ya sehemu ya nje hayageuki, na hiyo ikawa dalili ya kwanza kwamba ndani humo mna kitu cha pekee.

Ni kitu gani hasa, jibu lilianza kupatikana mwaka 1894, pale George Oliver, daktari wa mji wa Harrogate nchini Uingereza, alipoungana na Edward Schäfer wa chuo cha University College London. Walipomdunga mnyama maji yaliyokamuliwa kutoka katika tezi hizo, shinikizo la damu lilipanda kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mwaka 1895 Napoleon Cybulski na Władysław Szymonowicz mjini Kraków walitangaza matokeo ya namna hiyo hiyo. Kuanzia hapo mbio zikawa za wanakemia, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kuitoa dutu hiyo ikiwa safi, na kila aliyekaribia akaipa jina lake. Otto von Fürth wa Strasbourg aliiita suprarenini, ambayo nayo maana yake ni ya juu ya figo, na baadaye Schäfer na Walter Cannon wa Harvard walipendelea adrenini. Laiti majina hayo yote yangedumu, safu ya afya ingeweza kutuhesabia homoni nne.

Wawili kati ya washindani hao wanahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ni wao waliotuachia jozi hii ya majina.

Wa kwanza ni John Jacob Abel, profesa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore. Mwaka 1897, akiwa na Albert Crawford, alitangaza kwamba ameitenga dutu inayopandisha shinikizo la damu, na mwaka 1899 akaipa jina la epinefrini. Tatizo ni kwamba ili kuitenga, Abel alikuwa ameiunganisha na kemikali ya benzoili, na baadaye hakufanikiwa kuibandua yote. Alichokuwa nacho mezani hakikuwa homoni yenyewe, kilikuwa ni homoni iliyobaki na kipande cha benzoili kilichoganda nayo, na ndiyo maana hesabu yake ya atomu ilitoka na kaboni 17 badala ya 9. Abel alikuwa mwanasayansi mkubwa ambaye Wamarekani humhesabu kuwa baba wa elimu yao ya dawa, na hilo halimpunguzii heshima, lakini ukweli ndio huo, kwamba jina la epinefrini lilizaliwa likiwa la kitu kingine kidogo.

Wa pili ni Jokichi Takamine, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1854 Takaoka na kukulia Kanazawa, akasomea kemia nyumbani na huko Uingereza, akaoa Mmarekani, na hatimaye akahamia Marekani. Takamine hakuwa mtu wa chuo kikuu, bali mkemia aliyejua biashara. Tayari alikuwa amegundua kimeng'enya cha kusaidia mmeng'enyo wa chakula kutokana na ukungu ambao Wajapani huutumia kuchachushia wali wa kutengenezea pombe yao ya sake, na kampuni ya dawa ya Parke, Davis ya Detroit ilikuwa ikikiuza kwa faida. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyomtia shime aishughulikie dutu ya tezi za juu ya figo. Alimtembelea Abel katika maabara yake, akaona anavyofanya kazi, kisha akarudi New York, ambako msaidizi wake Keizo Uenaka, kijana kutoka Japani, alijaribu njia rahisi zaidi isiyohitaji benzoili. Katika kiangazi cha mwaka 1900 Uenaka alipata fuwele, tena za homoni yenyewe. Daftari lake la maabara limehifadhiwa Japani hadi leo. Lakini maombi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, yalipopelekwa serikalini Novemba mwaka huo, jina lililoandikwa lilikuwa la Takamine peke yake, na hata makala za kisayansi zilizofuata zilimtaja yeye kuwa mwandishi pekee. Mimi hili hunikera kila nikilikumbuka, ingawa najua kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa katika maabara za wakati ule, na katika baadhi ya maabara ndivyo yalivyo hata sasa.

Mwaka 1901 Thomas Aldrich, mkemia wa Parke, Davis ambaye hapo kabla alikuwa amefanya kazi na Abel, aliipata dutu hiyo kwa njia yake na akaiandikia kanuni sahihi ya atomu zake, ile niliyoitaja mwanzo. Mwaka huo huo kampuni ikaiingiza sokoni kwa jina la Adrenalin, likiwa na herufi kubwa mwanzoni na bila herufi “e” mwishoni, na likasajiliwa kuwa alama ya biashara.

Hapo ndipo jina moja lilipozaa mawili. Nchini Marekani madaktari na wafamasia wengine hawakuweza kuita dawa yao Adrenalin bila kuingilia mali ya kampuni. Baraza la dawa la chama cha madaktari wa nchi hiyo na kitabu rasmi cha viwango vya dawa walihitaji jina lisilo na mwenyewe, wakalichukua lile la Abel lililokuwa limelala bila kutumiwa. Epinefrini, basi, ilichaguliwa Marekani kwa sababu ya sheria ya biashara. Hakuna jopo la wanasayansi lililokaa likaona kwamba Kigiriki kinafaa zaidi ya Kilatini.

Uingereza mambo yalikwenda vingine. Henry Dale, aliyekuwa akifanya utafiti katika maabara ya Henry Wellcome, alitaka kuandika “adrenaline” katika makala zake za mwaka 1906 kuhusu ergoti, kuvu linaloota kwenye nafaka. Mwajiri wake alikataa, kwa kuwa Wellcome naye alikuwa mwuza dawa, hakutaka kuonekana akimtangazia mshindani wake bidhaa, na pia alichelea kesi. Dale alishikilia kwamba jina hilo, likiandikwa kwa herufi ndogo na kuongezewa “e” mwishoni, tayari ni jina la kawaida miongoni mwa wanafiziolojia wa Uingereza, na kwamba mwanasayansi hawezi kupangiwa maneno na duka. Alishinda. Kwa hiyo katika Kiingereza Adrenalin ni bidhaa ya kampuni na adrenaline ni homoni ya kila mwenye figo, na mpaka kati ya hivi viwili ni herufi moja isiyosikika.

Kiswahili mpaka huo kimeuvuka bila hata kuuona. Kwa kuwa maneno yetu hutaka irabu mwishoni, Adrenalin hugeuka adrenalini, na adrenaline nayo hugeuka adrenalini. Sababu yote iliyowafanya Wamarekani wakimbilie jina la pili haina pa kushika katika lugha yetu, na ninashangaa ni kwa nini tujitwike matokeo ya ugomvi ambao tahajia yetu haiwezi hata kuuandika.

Niongeze jambo moja la kando, kwa sababu linahusu hataza hiyo hiyo. Kampuni nyingine ya Marekani, H. K. Mulford, ilipoanza kuuza dutu hiyo, Parke, Davis iliishtaki, na mwaka 1911 Jaji Learned Hand wa New York akaamua kwamba hata kama homoni imo mwilini mwa wanyama wote, aliyeisafisha mpaka ikawa dawa inayofaa amefanya kitu kipya na anaweza kulindwa na hataza. Katika hukumu hiyo hiyo jaji alilalamika kwamba mtu kama yeye, asiyejua hata misingi ya kemia, ndiye anayeachiwa kuamua mambo ya namna hiyo. Hoja yake ilitumika kwa miongo mingi na kampuni zilizotaka kumiliki vitu vya asili, hadi mwaka 2013, pale Mahakama ya Juu ya Marekani iliposema kwamba jeni ya binadamu haiwi mali ya mtu kwa kule kutengwa tu.

Nirudi kwenye jina. Wamarekani wenyewe hawakuweza kuachana na adrenalini. Tezi zenyewe wanaziita za adrenali. Mishipa ya fahamu inayotumia homoni za jamii hii waliipokea kwa istilahi ya Dale ya mwaka 1933, yaani ya kiadrenaji, na vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa homoni hizo, vinaitwa hivyo hivyo, alfa na beta. Wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na wa moyo hapa kwetu wanaojua propranolo au atenolo wanatumia dawa zinazozuia vipokezi hivyo vya beta. Hakuna Mmarekani anayesema “kiepinefrinaji”. Neno lenyewe halitamkiki. Na mtu aliyenusurika kugongwa na gari huko Chicago atasimulia jinsi adrenalini ilivyompanda, hata kama ni daktari ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akiandika epinefrini katika faili la mgonjwa.

Sasa nije kwenye upande ambao kwangu ni mzito kuliko historia. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kuipa kila dawa jina moja la kimataifa, na kwa dawa hii lililochaguliwa ni epinefrini. Wazungu wa Ulaya hawakulipokea kwa moyo mkunjufu. Kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya kinaendelea kusema adrenalini, na Uingereza ilipobadilisha majina ya dawa zake nyingi ili yafanane na ya kimataifa, iliamua kwamba kwa adrenalini na noradrenalini majina yote mawili yaandikwe kwenye kisanduku, kwa kuhofia kwamba katika dharura mtu atalisoma lile asilolizoea. Shirika lenyewe, katika orodha yake ya dawa muhimu, huandika epinefrini na kuweka adrenalini katika mabano.

Mwenye kuhofia hivyo hakukosea. Nimefanya kazi ya ufamasia kwa muda mrefu, na katika hospitali moja ambayo sitaitaja niliwahi kumkuta nesi kijana, mwenye bidii na aliyefaulu vizuri chuoni, akiandika katika daftari la stoo kwamba adrenalini imekwisha, huku kwenye rafu mbele yake kukiwa na visanduku vya msaada kutoka Marekani vilivyoandikwa epinephrine. Vichupa vya ndani vilikuwa vile vile anavyovijua, vya kioo cha kahawia, vya mililita moja, vyenye miligramu moja ya dawa. Alikuwa anaitafuta herufi ya “a” na hakuiona. Siku hiyo hapakuwa na mgonjwa aliyekuwa akiisubiri. Lakini mtu aliyeng'atwa na nyuki akavimba koo, au aliyepata mzio mkali baada ya kudungwa penisilini, anahitaji, akiwa mtu mzima, nusu miligramu ya dawa hii katika msuli wa paja mara moja, na muda wa kujadili Kilatini na Kigiriki hana.

Rangi ya kioo hicho nayo ina sababu. Adrenalini huharibiwa na mwanga na hewa. Dawa iliyokuwa angavu hugeuka ya waridi, kisha hudhurungi, na ikifikia hapo haifai kudungwa. Mfamasia mzoefu hukiinua kichupa kwenye mwanga kwanza, akatazama rangi, ndipo akasoma tarehe. Kichupa cha epinefrini hutazamwa hivyo hivyo.

Kuna hatari nyingine inayotokana na sauti ya jina. Epinefrini na efedrini yanakaribiana mno masikioni, hasa yanapotamkwa upesi na mtu aliyevaa barakoa, na efedrini ni dawa tofauti ambayo wataalamu wa usingizi huitumia chumbani mwa upasuaji pale shinikizo la mgonjwa linaposhuka. Dozi zake hazilingani hata kidogo na za adrenalini. Adrenalini, kinyume chake, haifanani na jina la dawa nyingine yoyote ninayoijua rafuni, isipokuwa ndugu yake noradrenalini, na huyo hana budi kufanana naye.

Kuhusu noradrenalini, ambayo nadhani ndiyo iliyokusudiwa katika safu ya afya, niseme machache. Ni dutu inayotofautiana na adrenalini kwa kipande kimoja, kundi la methili lililoshikamana na naitrojeni, ambalo adrenalini inalo na noradrenalini haina. Ulf von Euler wa Uswidi ndiye aliyeonyesha mwaka 1946 kwamba mishipa ya fahamu huitumia kupitishia ujumbe, na kazi hiyo ikamletea tuzo ya Nobel mwaka 1970. Kiambishi “nor-” ni kifupi cha neno lenye maana ya kawaida, na wanakemia hukitumia kwa dutu iliyo sawa na nyingine ila imepungukiwa kipande. Walimu wengine hufundisha kwamba “nor” ni vifupisho vya maneno ya Kijerumani yenye maana ya naitrojeni isiyo na tawi. Maelezo hayo yanapendeza na yanasaidia kukumbuka, lakini yalitungwa baada ya neno kuwepo. Kwa bahati, dawa ya zamani iliyokamuliwa kutoka katika tezi za wanyama ilikuwa na zote mbili ndani yake, kwa hiyo wauzaji wa mwanzo walikuwa wakiuza mchanganyiko pasipo kujua. Tangu Friedrich Stolz wa Ujerumani alipoiunda adrenalini maabarani mwaka 1904, ikiwa homoni ya kwanza duniani kuundwa na mikono ya binadamu, tezi za machinjioni zilianza kupoteza umuhimu wake.

Na hata neno “homoni” ni dogo kwa umri kuliko adrenalini. Ernest Starling alilitumia kwa mara ya kwanza katika mihadhara yake ya London mwaka 1905, akilitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kuchochea, miaka minne baada ya adrenalini kuwa dukani. Waliotangulia kuinunua hawakuwa na jina la jamii ya vitu ambamo adrenalini imo.

Najua atatokea msomaji wa kusema kwamba jina la kimataifa ndilo la kufuata, tusije tukajitenga na dunia. Hoja hiyo ningeiheshimu kama ingekuwa inafuatwa kwa haki. Paracetamol ni jina la kimataifa, na Wamarekani wanaendelea kuiita acetaminophen bila kutetereka, ingawa majina yote mawili yamekatwa kutoka katika jina refu moja la kikemia. Zaidi ya hayo, dunia ya msemaji wa Kiswahili ni ipi? Daktari wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala amefunzwa katika desturi ya Uingereza na husema adrenaline. Mwenzake wa Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura amesoma kwa Kifaransa na husema adrénaline. Mswahili wa Muscat huisikia adrenalini hospitalini kwa Kiarabu. Anayebaki ni ndugu yetu aliye Marekani, ambaye kalamu ya dawa ya mzio wa mtoto wake imeandikwa epinephrine, na kwa ajili yake inatosha kumweleza kwamba kilichomo humo ndicho hicho.

Kwa hiyo ninaliomba gazeti lako litumie adrenalini katika kurasa zake zote, iwe ni habari ya michezo, ya afya au maswali ya mitihani, na litumie noradrenalini pale inapozungumzwa hiyo ya pili. Pale habari inapohusu dawa yenyewe, kwa mfano matibabu ya mzio, ya moyo uliosimama au ganzi ya meno, iongezwe sentensi moja kwamba kwenye baadhi ya visanduku dawa hii huandikwa epinephrine. Ganzi ya meno naitaja makusudi, kwa kuwa mirija yake huwa na adrenalini kidogo iliyochanganywa ndani ili kuibana mishipa ya damu na kuirefusha ganzi, na mgonjwa wa moyo anayeulizwa na daktari wa meno kama ana tatizo na adrenalini anapaswa kujua kwamba neno epinephrine alilolisoma kwenye karatasi ya dawa ndilo hilo hilo.

Mwisho, naomba makala ile irekebishwe pia katika toleo lililo mtandaoni, na rekebisho liwekwe juu kabisa ya makala badala ya chini yake, kwa sababu muhula wa masomo unaendelea na wanaoinakili hawasomi mpaka mwisho.

Wako,
Mfamasia mstaafu,
Tanga